Ukurasa Mzito wa Fardosa

Miaka hiyo, kabla intaneti haijaingia ndani ya simu ya kila mtu, siku katika ploti ya Bi Kuluthum ilianza na harufu ya mahamri. Hakuna aliyehitaji saa. Iliki ikisikika hewani, ulijua jua linakaribia kuchomoza upande wa Lanet. Na ukimsikia Bi Kuluthum akimwuliza jirani wa chumba cha mwisho mbona mumewe alikohoa hadi alfajiri, ulijua kumekucha kabisa.

Ploti yenyewe ilikuwa Bondeni, mjini Nakuru: vyumba vilivyotazamana, ua katikati, mfereji mmoja na lango moja la mabati. Siri haikuwa na mahali pa kulala. Ukinunua viatu vipya, watu walitoa maoni kabla hujavitoa kwenye boksi. Ukipika nyama, ua mzima ulijua kama ni ya mbuzi au ya ng'ombe, na wengine walijua hata bucha ulikoinunua.

Fardosa, mjukuu wa Bi Kuluthum, alikuwa darasa la saba. Likizo ile ya Agosti 2008 kazi zake za asubuhi zilikuwa zile zile: kufagia ua, kujaza madumu, kisha kuvuka barabara na sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kitambaa, kwenda saiba ya Mayur. Saiba ilikuwa duka la intaneti, na watu walilipia kila dakika waliyokaa mbele ya kompyuta. Mayur, kijana mchangamfu mwenye miwani, alipenda mahamri ya moto kuliko kitu chochote. Kwa hiyo alimruhusu Fardosa kukaa kwenye kompyuta ya pembeni mpaka wateja wajae.

"Wenzako wakipata intaneti wanatafuta picha za wachezaji mpira," Mayur alimwambia huku akipangusa sukari mdomoni. "Wewe unatafuta jinsi kurasa zinavyotengenezwa. Utakuja kuninyang'anya kazi."

Fardosa alicheka, lakini maneno hayo aliyabeba moyoni siku nzima.

Sasa, ili uelewe yaliyotokea, lazima ujue jinsi Bi Kuluthum alivyokuwa akivunja jungu. Watu wa pwani, alikotoka babake, hukusanyika siku chache kabla ya Ramadhani wakala na kufurahi pamoja kabla ya kuanza kufunga. Bi Kuluthum alizaliwa Nakuru, na jamaa zake wa pwani walikuwa mbali, kwa hiyo jamaa yake ikawa ploti. Waislamu walikuja, Wakristo walikuja. Rajinder, Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja na mkewe na binti yake Jasleen, wamebeba sinia la jalebi tamu. Na kulikuwa na sharti moja. Mgeni akionekana, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya akatoka hadi langoni.

"Mgeni hapokewi na mtu mmoja kama barua," Bi Kuluthum alizoea kusema. "Atukute sote."

Mwaka huo haukuwa kama mingine. Fujo za Januari, baada ya uchaguzi, zilikuwa zimewatawanya watu. Kuna waliokwenda Kisumu, kuna waliokwenda Mombasa. Kiprugut, dereva wa lori la mbao, alihamia Elburgon. Na Mama Nekoye, aliyeuza sukumawiki langoni na ambaye alikuwa shoga wa Bi Kuluthum tangu wote wawili wakiwa wasichana, alipanda nyuma ya lori na binti yake wakaenda Kitale. Vyumba vyao vilibaki na kufuli. Jioni ua ulikuwa kimya, na ukimya ulikuwa kitu ambacho Bi Kuluthum hakujua kukiishi.

Angewapigia simu, lakini mnamo Machi simu yake, yenye namba za watu wote, ilimponyoka ikatumbukia kwenye sufuria ya supu. Ploti nzima ilicheka mpaka machozi. Kisha watu wakakumbuka namba zilizokuwa ndani yake, na kicheko kikaisha.

Ndipo Fardosa akapata wazo lake.

"Nyanya, tutengeneze ukurasa kwenye intaneti. Wa ploti yetu. Mtu akiwa Mombasa, akiwa Kitale, anaenda saiba, anafungua, anaona mwaliko wa kuvunja jungu. Namba yako mpya tunaiweka hapo hapo, wakupigie."

Bi Kuluthum aliacha kukanda unga. "Wataniona mimi?"

"Watakuona."

"Na Nderitu? Na Mama Mujahid? Na akina Jasleen?"

"Wote, Nyanya."

"Basi mtu akifungua huo ukurasa wako," Bi Kuluthum alisema, "atukute sote mlangoni. Asikose hata mmoja."

Habari zilizunguka ua kabla unga haujaumuka. Rajinder aliwaazima watu kamera yake ya dijitali, na siku mbili mfululizo hapakufanyika kazi nyingine. Nderitu kinyozi alitaka apigwe picha akiwa na mashine yake ya kunyolea. Mama Mujahid alipigwa picha, akaiangalia, akaenda kubadilisha leso, akarudi kupigwa tena.

"Mimi niwekwe juu ya Nderitu," alimwagiza Fardosa. "Huyu amekuja hapa juzi tu."

"Juzi gani, mama?" Nderitu aliruka. "Nimemnyoa Mujahid nywele za utoto!"

"Ndiyo maana masikio yake yako vile."

Fardosa aliweka picha zote, zaidi ya thelathini, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kila moja ilikuwa kubwa kiasi cha kutosha kalenda ya ukutani. Alizivuta pembe kwa kipanya mpaka zikaonekana ndogo kama stempu, akazipanga mistari kwa mistari. Aliweka wimbo wa taarabu uanze wenyewe mtu akifungua. Aliweka maua madogo yaliyoanguka kutoka juu ya skrini hadi chini bila kukoma. Mwaliko wenyewe, wenye siku, mahali na namba ya simu, aliuandika kwa herufi za madoido, akaugeuza picha, akauweka chini kabisa, ili watu wazione nyuso za nyumbani kwanza.

Jasleen alituma barua pepe kwa wale wachache ambao anwani zao zilijulikana, nao waliombwa wapeleke mbele. Hakutaja siku wala mahali. Fardosa alikuwa amemkataza. "Usiwamalizie utamu. Waambie tu wafungue waone nyumbani." Kiprugut, ambaye bado alipitia plotini na lori lake na alikuwa ameacha namba yake, naye aliwaambia madereva wenzake wa malori, na madereva, kama ujuavyo, hufikisha habari kuliko redio.

Siku ukurasa ulipokamilika, watu walijazana saibani mpaka wateja wa Mayur wakasimama nje. Fardosa alibofya. Papo hapo taarabu ikalia, maua yakaanguka, na nyuso zao zikatokea moja baada ya nyingine. Bi Kuluthum alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Huyu si mtoto, huyu ni daktari," alisema. "Daktari wa kompyuta!"

Jina likamganda. Sokoni aliitwa daktari, msikitini bibi yake alimsifu kwa wanawake wote. Hata mwenye bucha alimpa mfupa wa ziada. Utamu wa sifa unalewesha, na Fardosa alilewa.

Kisha wakangoja. Bi Kuluthum alitembea na simu yake mpya imefungwa kwenye ncha ya kanga. Alipokaanga mahamri aliiweka mbali na mafuta, lakini si mbali na sikio. Ililia mara moja. Mtu alikuwa akitafuta fundi wa friji.

Jumatano moja Jasleen alimvuta Fardosa pembeni, karibu na madumu.

"Sasa, Fardosa. Unnati, binamu yake Mayur, yuko Lanet. Nilimwambia afungue ukurasa wako. Anasema alingoja, akangoja, akatoka. Ilibaki nyeupe tu."

"Lanet network yao ni mbaya," Fardosa alijibu haraka.

"Lanet ni hapa tu."

"Kwani Unnati anajua kutumia kompyuta? Mimi nafungua kila siku, na inafunguka mara moja!"

Jasleen aliinua mabega akaenda zake. Fardosa alikimbia saibani, akakaa kwenye kompyuta yake ya pembeni, akabofya. Ukurasa ukafunguka mara moja. Akashusha pumzi. Unaona, alijiambia, kosa ni la Unnati.

Siku mbili baadaye lori la Kiprugut lilisimama nje ya lango likiwa na shehena ya mbao na vumbi la barabara nzima. Kiprugut alimkuta Fardosa akichota maji. Bi Kuluthum alikuwa sokoni.

"Niaje, daktari. Ile kitu yako haifunguki."

Fardosa aliachilia mfereji ukamwagika. "Haifunguki vipi, Anko?"

"Haifunguki hivi: nilikaa saiba ya Elburgon mpaka mwenye saiba akaja kuniuliza kama nimelala. Nikasikia kipande cha wimbo, mtu anasema 'eee', halafu wimbo ukakatika. Sikuona hata kichwa cha mtu. Na pesa nimelipa. Wacha mathe arudi nimwambie."

"Usimwambie!" Fardosa alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. Akaishusha. "Nitamwambia mwenyewe, Anko. Nitarekebisha leo leo."

Kiprugut alimtazama kidogo. "Sawa. Wewe ndiwe mwenye kazi." Akapanda lori lake akaondoka.

Fardosa hakumwambia. Wala hakurekebisha, kwa kuwa hakujua tatizo ni nini, na kumwuliza Mayur kungekuwa kukiri kwamba daktari hajui ugonjwa. Jioni bibi yake alipomwuliza, "Mjukuu wangu, ule ukurasa una hakika uko sawa?" alijibu huku akiangalia vidole vya miguu yake.

"Uko sawa, Nyanya. Unafunguka vizuri."

Usingizi ulimkataa. Alijiambia hakusema uongo. Si kwake ulifunguka?

Ilibaki wiki moja na siku kadhaa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Agosti, siku ya kuvunja jungu. Asubuhi moja Fardosa alirudi kutoka saibani akakuta mkokoteni uani. Nderitu na mwenye mkokoteni walikuwa wakipakia masufuria makubwa ya msikitini, yale ambayo Bi Kuluthum aliyaazima kila mwaka kwa pilau. Mama Mujahid alikuwa amesimama mlangoni pake bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Yanaenda wapi?" Fardosa aliuliza.

"Yanarudi kwa wenyewe," Bi Kuluthum alisema. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mikono mitupu. "Hakuna jungu mwaka huu."

"Kwa nini, Nyanya?"

"Tumewaita, hawakuitika. Nyuso zetu wameziona, namba wameiona. Hata Mama Nekoye! Hata kunitukana basi, anipigie anitukane nijue yuko hai. Lakini kimya." Alifuta jicho kwa upande wa kiganja. "Wametukasirikia. Na labda wana haki, yale ya Januari hayakuwa madogo. Basi. Mtu akikukataa, usimng'ang'anie. Sitaki kulisikia tena jina lake katika ua huu."

Fardosa alisikia masikio yake yakipata moto. Kumbe wakati yeye akijilinda na aibu, bibi yake alikuwa akiwapoteza watu wake mmoja mmoja moyoni. Mama Nekoye hakufanya kosa lolote. Na mtu wa pekee aliyejua hivyo katika ua ule alikuwa yeye.

"Nyanya," alisema. "Hawajatuona."

"Nini?"

"Ukurasa haufunguki. Kiprugut aliniambia. Jasleen pia aliniambia kabla yake. Nilijua, Nyanya. Nilikwambia uko sawa, na haukuwa sawa. Niliogopa mtaacha kuniita daktari." Hapo kilio kikamshinda.

Nderitu alibaki ameshikilia sufuria hewani. Bi Kuluthum alimtazama mjukuu wake, na uso wake ulibadilika mara nyingi. Hasira ilipita, kisha kitu kingine kikaja, kilichofanana na mtu anayesikia hodi.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "Mama Nekoye hajanikataa."

"Sijui, Nyanya. Lakini hajaona kitu."

Bi Kuluthum alisimama. "Nderitu, teremsha hayo masufuria. Mengine nitasema na wewe baadaye, Fardosa, na utayasikia. Sasa hivi twende kwa Mayur."

Walienda wote. Aliyekuwa anafua alienda na povu mikononi.

Mayur alisikiliza, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya pembeni. "Hii kompyuta inakudanganya," alimwambia Fardosa. "Ulipokuwa ukiutengeneza ukurasa, ilizichukua picha zote ikaziweka akiba ndani yake. Tangu hapo haizifuati mbali. Unajipikia na kujionja mwenyewe. Sasa nitafuta hiyo akiba, ili iwe kama kompyuta ya mtu wa Kitale."

Alibofya hapa na pale, kisha akaufungua ukurasa. Skrini ikawa nyeupe. Wakangoja. Intaneti ya Nakuru siku hizo ilipitia kwenye madishi makubwa yaliyokaa juu ya mapaa ya saiba, ikipanda angani na kushuka tena, na kila mtu wa mjini aliitumia kwa zamu kama mfereji wa ploti. Wimbo ulisema "eee", ukakatika. Ua moja likaanguka, likagandia katikati.

"Hiyo nyeupe ni nini?" Nderitu aliuliza.

"Ndiyo nyinyi," Mayur alisema. "Hivyo ndivyo mlivyowapokea wageni."

Bi Kuluthum alisogea karibu na skrini, kana kwamba angemwona Mama Nekoye upande wa pili, ameketi saibani Kitale, akilipia weupe ule.

"Lakini picha nilizipunguza, Anko," Fardosa alisema. "Zilikuwa ndogo kama stempu."

"Ukikunja blanketi likawa dogo, uzito wake umepungua? Umezikunja tu. Bado mgeni anazibeba zote kwa ukubwa wake. Na kila picha ni safari yake. Kompyuta ya mgeni inatuma mtu aende mbali, ukurasa unakohifadhiwa, achukue uso wa Nderitu, arudi. Aende tena achukue uso wa Mama Mujahid, arudi. Zaidi ya mara thelathini, na barabara ni nyembamba. Halafu maneno ya mwaliko, ambayo ndiyo mwenyewe anayataka, umeyafanya picha na kuyaweka mwisho wa foleni. Maandishi ya kawaida ni mepesi kama karatasi, yangefika kwanza."

"Basi tupunguze picha," Jasleen alisema.

Hapo moto ukawaka. Nani aondoke? Mama Mujahid alisema waanze na vijana. Vijana walisema waanze na waliopigwa mara mbili. Nderitu alitangaza kwamba yeye akiondolewa, watu wa ploti watafute kinyozi mwingine.

"Hakuna atakayeondoka," Bi Kuluthum alikata. "Nimesema sote mlangoni."

Fardosa alikuwa akiitazama ile skrini nyeupe. Alifikiria safari zile zaidi ya thelathini, watu wakienda na kurudi, kila mmoja amebeba uso mmoja. "Nyanya," alisema, "mgeni akija langoni, kwani tunatoka mmoja mmoja?"

"La. Tunatoka pamoja."

"Basi tupige picha moja. Sote langoni, pamoja. Itakuwa safari moja."

Mayur alimtazama, akavua miwani, akaipangusa. "Hilo," alisema, "hata mimi sikulifikiria."

Ilichukua alasiri nzima kuipiga. Warefu walipelekwa nyuma wakanung'unika, watoto waliketi mbele wakafinyana, na Rajinder, mwenye kamera, ilibidi amkabidhi mpita njia ili naye aingie pichani na kilemba chake. Mtu mmoja kila mara alikuwa amefumba macho. Mwishowe ikapatikana picha ambayo wote walikuwa wakicheka, kwa kuwa mbuzi wa jirani alikuwa amemshika Nderitu shati.

Kisha ikaja kazi isiyo na makofi. Siku iliyofuata Fardosa alikaa na Mayur tangu saiba ilipofunguliwa. Aliipunguza ile picha kikweli, ukubwa na uzito, akaihifadhi upya mpaka Mayur akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliandika mwaliko kwa maandishi ya kawaida na kuuweka juu kabisa: siku, mahali, namba ya Bi Kuluthum. Wimbo hakuufuta, ila aliufanya ungoje mpaka mtu aubofye mwenyewe. Maua aliyapenda sana. Aliyaangalia yakianguka mara ya mwisho, akayaondoa.

Safari hii hakupima kwenye kompyuta yake. Alimpigia Kiprugut.

"Anko, uko Elburgon? Tafadhali ingia saiba ufungue tena. Ukiona tatizo lolote niambie, hata kama ni dogo."

Alingoja na simu sikioni. Alisikia kiti kikiburutwa, kisha kipanya.

"Haya, ninafungu... He! Imefunguka. Nawaona wote. Kwani huyo mbuzi ni wa nani?"

Jasleen alituma barua pepe upya, na safari hii aliandika siku na mahali humo humo, pamoja na ombi la msamaha ambalo Fardosa alilitunga mwenyewe: ukurasa wa kwanza ulikuwa na kasoro, na waliohangaika nao hawakuwa na kosa.

Simu ya Bi Kuluthum ililia kesho yake akiwa katikati ya kukaanga. Alimwachia Mama Mujahid mwiko.

"Wewe Kuluthum," sauti ilisema, kubwa kiasi kwamba ua mzima uliisikia, "mbona umenenepa hivyo? Nani anakupikia?"

Bi Kuluthum aliketi chini, pale pale sakafuni. "Nekoye," alisema, maana shoga hawaitani kwa jina la mama, "nilidhani umenikataa."

"Mimi? Mimi nimeenda saiba mara tatu! Mara tatu nakutana na ukuta mweupe. Nikamwambia binti yangu, tuache, hawa watu wa Nakuru wametufungia mlango. Nililia, Kuluthum. Usimwambie mtu."

Lakini watu wote walikuwa wamesikia, na nusu yao walikuwa wakilia pia.

Jumapili ya mwisho ya Agosti pilau ilipikwa. Si kila mtu aliyekuja. Wa Mombasa walituma salamu, na kuna waliojibu kwamba moyo bado haujawaruhusu kuirudia barabara ile. Bi Kuluthum alisema hao pia wamejibu, na jibu ni jibu. Lakini Kiprugut alifika na lori, na nyuma ya lori, juu ya mikeka, walikuwa wameketi majirani wa zamani waliokuwa sasa Molo, wengine wa Kuresoi na magunia yao mawili ya viazi, na mbele kabisa, karibu na dereva, Mama Nekoye na binti yake. Kelele za siku ile zilisikika mpaka kituo cha reli.

Watu walipokwisha kuketi, Bi Kuluthum alimwita Fardosa kando ya masufuria.

"Nilikwambia nitasema na wewe," alianza. "Kutengeneza ukurasa mzito si kosa. Ulikuwa unajifunza, na anayejifunza hukosea. Hata mimi mahamri yangu ya kwanza yangeweza kujengea ukuta. Kosa ni pale ulipoambiwa, ukajua, ukanificha ili ubaki na jina. Kwa siku zile zote nilimchukia mtu aliyekuwa akinililia. Ungenyamaza wiki moja zaidi, ningezeeka na chuki hiyo, na yeye na yake, na hakuna ambaye angejua ilitoka wapi."

"Nisamehe, Nyanya."

"Nimeshakusamehe. Ulisema ukweli mbele ya watu, na kisha ukafanya kazi bila kutafuta sifa. Ndiyo sababu leo tumekaa hivi. Sasa kumbuka: kazi yako usiipime kwa jinsi inavyokupendeza wewe uliyeketi hapa. Mwulize yule anayeingoja kule. Na akikwambia imemshinda, mwamini." Alipakua pilau, akaongeza mnofu juu, akamkabidhi sahani. "Mpelekee Mama Nekoye. Mimi sijamweleza kwa nini alingoja. Hilo ni lako."

Fardosa alipita katikati ya miguu na vicheko, akapiga magoti mbele ya mkeka wa Mama Nekoye. Alimweleza yote tangu mwanzo, bila kuruka lile la Kiprugut pale mferejini. Mama Nekoye alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chakula.

Kisha akamsukuma binti yake kidogo upande wa kushoto, akasogea mwenyewe upande wa kulia, akaupigapiga mkeka hapo katikati.

"Keti tule," alisema. "Hii pilau ni nyingi kwangu peke yangu."